AC ya gesi gani? Anza na R-32, ila pampu ya vakyumu kwanza

Malalamiko ya wasomaji wa Dar, Tanga na Mombasa yanafanana: AC imefungwa Desemba, kufika Juni haitoi baridi. Fundi anaitwa, anajaza gesi, analipwa, na baada ya miezi michache anaitwa tena. Mwenye nyumba anaamini ameuziwa mashine mbovu. Mara nyingi mashine ilikuwa nzima, tatizo ni namna ilivyofungwa. Habari za BTU (nguvu ya kupoza) na inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mashine) muuzaji atakueleza mwenyewe, kwa hiyo hapa tunazungumzia gesi ya kupozea, ambayo jina lake huanza na R, na kile kinachoingia kwenye bomba pamoja na gesi.

Ya kwanza: R-32

Kama mfuko unaruhusu, chukua Daikin ya R-32. Ndiyo kampuni iliyotoa AC ya kwanza ya nyumbani ya gesi hii, Japani mwaka 2012, na mwaka mmoja kabla ilikuwa imeruhusu nchi zinazoendelea kutumia hataza zake za R-32 bila malipo. Nyingine za R-32 zipo na zinafaa, lakini hii ndiyo ningeipigania.

Uwezo wa R-32 wa kuongeza joto duniani ni mara 675 ya hewa ukaa. R-410A, gesi iliyoitangulia kwenye AC nyingi, ni mara 2,088. Tena R-32 huhitajika kidogo zaidi. Mashine yenye gramu 700 za R-32 ikivuja zote, ni sawa na kilo 470 hivi za hewa ukaa. Gramu 900 za R-410A ni karibu kilo 1,880. Faida nyingine ni ya fundi: R-32 ni gesi moja tupu, si mchanganyiko, hivyo ikivuja kidogo haibadiliki uwiano. Uvujaji ukishazibwa, inaongezwa kwa mizani.

Wauzaji wengine wanawatisha watu kwamba inalipuka. Inaweza kuwaka, ila kwa shida: lazima hewa ya chumba ifikie gramu 307 kwa kila mita ya ujazo. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 32. Gramu 700 zote zikimwagika humo na kuenea, unapata kama gramu 22 tu. Hata hivyo, fundi asichomelee bomba lenye gesi ndani.

Kasoro wasiyoiuliza wanunuzi: vakyumu

Vakyumu ni kunyonya hewa na unyevu wote ndani ya bomba kwa pampu kabla ya kufungulia gesi. Tazama fundi wa haraka anavyofanya. Anafunga bomba, analegeza nati ya bomba kubwa, anafungua kidogo vali ya bomba dogo, gesi inapiga "fshhh" sekunde chache, anakaza nati na kusema hewa imetoka. Haijatoka yote, na unyevu ndio haujatoka kabisa. Oili inayotumika kwenye mashine za R-32 na R-410A hunywa maji vibaya sana; maji na oili hiyo vikikutana na joto la kompresa, asidi inazaliwa na kuanza kula nyaya za ndani. Kwa unyevu wa pwani hii, hilo si jambo la kubahatisha. Na kwa R-32, huko "kupuliza" ni kumwaga gesi inayoweza kuwaka karibu na uso wa fundi.

Kazi sahihi iko hivi. Midomo ya bomba itanuliwe bila ufa na nati zikazwe kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza: bomba la robo inchi kati ya Nm 14 na 18, la inchi 3/8 kati ya 33 na 42. Kisha naitrojeni iingizwe kwa presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na maungio yapakwe povu la sabuni kutafuta tundu. Baada ya hapo pampu ya vakyumu ifanye kazi dakika 20 hadi 30, mpaka geji ya mikroni, inayopima presha iliyobaki ndani ya bomba, isome chini ya 500. Pampu ifungwe, msubiri dakika 10. Mshale ukipanda bila kutulia, kuna tundu. Ukipanda kidogo kisha ukasimama, bado kuna maji. Hapo tu ndipo vali zifunguliwe.

Bomba likizidi urefu ulioandikwa kwenye bati la mashine ya nje, gesi ya nyongeza hupimwa kwa gramu kwa kila mita, kwenye mizani. Fundi anayejaza kwa kushika bomba kuona kama limepoa, mwache aende.

Na hapa nina ugomvi na maduka. "Ufungaji bure" maana yake ni fundi anayelipwa kidogo kwa kila mashine na kukimbilia nyumba inayofuata, bila pampu kwenye begi. Mteja analipa bei kamili ya teknolojia mpya, halafu anapunjwa nusu saa ambayo ndiyo uhai wa mashine. Afadhali wapandishe bei na waandike vakyumu kwenye risiti.

Ya pili: R-290

Hii ni propani, yenye uwezo wa kuongeza joto usiozidi mara 3. Kwa mazingira inaishinda R-32 mbali. Inaanza kuwaka kwenye gramu 38 tu kwa mita ya ujazo na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Inunue kama tu aliyekuuzia ana fundi aliyefunzwa gesi hiyo. Kamwe usikubali propani kujazwa kwenye AC ya R-22, gesi ya mashine za zamani.

Zilizobaki

R-410A: ikiwa imepunguzwa bei sana, sawa. Ila Makubaliano ya Kigali ya 2016, ya kimataifa, yanapunguza gesi za kundi hili hatua kwa hatua, na nchi zetu zimewekewa kikomo tangu 2024.

R-22 na mitumba: acha. Gesi hiyo inaondolewa nchi zinazoendelea kufikia 2030, na AC nyingi za mtumba kutoka Japani hutumia volti 100.

Majina yale yale ya kampuni huuza mashine za R-32 na R-410A zinazofanana sura, kwa hiyo kibandiko cha "rafiki wa mazingira" hakithibitishi kitu. Mwambie muuzaji afungue boksi la mashine ya nje, usome bati la ubavuni: jina la gesi na uzito wake kwa kilo. Akikataa kufungua, nenda duka la jirani.