Niliambiwa "nyie si mnasoma tu", nikauziwa SSD ya nyumbani niweke kwenye sava

Muda umepita lakini hasira bado ninayo, na ntaandika yote kwa sababu najua kuna mtu saa hizi kasimama dukani anaambiwa hayohayo niliyoambiwa mimi.

Mimi ndo naangalia sava za ofisi yetu hapa Dar. Tunaweka notsi na mitihani ya nyuma ya sekondari, mwanafunzi analipia kidogo kwa simu anaingia anasoma. Kazi yote ya sava ni kusoma data kwenye diski, kuandika ni pale mtu anapojisajili au malipo yanapoingia, basi. Tulikuwa na diski za zamani zile za kuzunguka, na kila Novemba ikikaribia fomu fo wakaanza kukesha zinakuwa hoi. Bajeti ikapita, nikaenda Kariakoo na kijana wetu wa field kutafuta SSD, zile diski za kisasa zisizozunguka.

Dukani niliuliza swali moja tu, hii SSD ina kapasita, vile vidude vidogo vinavyotunza umeme kidogo, za kuilinda umeme ukikatika ghafla? Muuzaji hakunijibu. Akamgeukia yule kijana, mtoto wa mwaka wa pili, akamwambia "mwambie dada hizo ni za mabenki, nyie si mnasoma tu, kusoma hakuui diski". Kijana akaniangalia kisha akainamisha macho, na mimi nimeshika karatasi yenye maswali yangu niliyoyaandaa usiku. Nikanunua. Bei ilikuwa karibu nusu na ofisini walikuwa wananisubiri. Kwenye risiti akaandika kwa mkono wake "SSD ya sava".

Na niseme haki, zile diski zilikuwa zinapaa. Ukurasa uliokuwa unakusubirisha sekunde sita ukawa unafunguka hapohapo, wanafunzi wakatuma meseji za shukrani, bosi akanipongeza mbele ya watu. Mngeniuliza mwezi ule ningewaambia nunueni hizi na mlale usingizi.

Halafu siku moja mchana, kama wiki mbili kabla ya mitihani, umeme ukakatika, jenereta ikachelewa, UPS betri zake zimechoka ikashika dakika mbili ikazima. Umeme uliporudi sava ikawaka vizuri, PostgreSQL, ile programu ya databesi yetu, ikagoma. Diski moja haionekani kabisa, ya pili inaonekana ila databesi imeharibika katikati. Na nilikuwa nimeziweka mbili zinaandika kitu kilekile, RAID 1, nikiamini moja ikifa nyingine ipo, kumbe umeme ukikatika unazikata zote kwa sekunde ileile! Tukarudisha bakapu ya jana usiku. Malipo yote ya siku nzima hayapo. Kuna mama alipiga simu anasema mwanangu nimemlipia kwa hela ya mkaa mbona hasomi, na mimi sina la kumjibu zaidi ya pole mama naomba unitumie ile meseji ya malipo. Tumekaa mpaka saa tisa usiku tunalinganisha meseji moja moja.

Nikarudi dukani. "Waranti haihusu matumizi ya sava dada." Nikamwekea risiti mezani, maandishi yake mwenyewe. Akasema hayo ni maelezo tu.

Sasa lile neno lake kwamba kusoma hakuui diski ndo linanichemsha zaidi kwa sababu lina ukweli nusu. Kusoma kweli hakuchakazi kama kuandika. Lakini SSD haitulii hata kama wewe unasoma tu, ndani humo inahamisha data yenyewe, ukisoma sehemu moja mara nyingi sana sehemu za jirani zinaanza kudhoofika kwahiyo inabidi iandike upya mahali pengine, na ina ramani yake ya kujua kila kitu kimelala wapi, ramani ambayo sehemu yake inakuwa kwenye memori inayofutika umeme ukikata. Kapasita kazi yake ni kuipa diski pumzi fupi tu ya kumalizia kuandika. Bila hizo kapasita, ukikatika vibaya hata data ya mwaka jana ambayo hakuna aliyeigusa inaweza kupotea. Kwa mji ambao umeme unakatika kama huu wetu!

Baada ya hapo niliapa sitagusa tena diski zinazoitwa za kusoma, yaani zilizotengenezwa kwa kazi ya kusoma zaidi kuliko kuandika, nikaenda duka lingine nikasema nipeni ile ngumu kabisa ya kuandikwa mara tatu ujazo wake kila siku. Walifurahi sana, na bei mtaijua wenyewe. Ila kabla ya kulipa nikakaa na smartctl, programu inayosoma taarifa za diski, nikapima, sisi tunaandika kama GB 40 kwa siku. Diski ya GB 960 yenye DWPD 1, yaani ya kuandikwa ujazo wake mara moja kila siku, inakuruhusu kuandika GB 960 kila siku miaka mitano. Yaani ningelipia uandishi ambao hatuna. Kwahiyo nafuta kiapo changu, diski za kusoma hazina kosa, kosa ni kwamba mimi sikuuziwa diski ya kusoma ya sava, niliuziwa ya laptopu. Niliifungua ile iliyokufa, upande mzima wa bodi ni mtupu, na rafiki yangu alikuwa na mbovu ya sava tukaziweka pamoja mezani, ile yake ina kapasita za njano zimepangwa safu pembeni kama punje za mahindi.

Tukachukua Samsung PM893, diski ya kusoma ya sava yenye kapasita. Umeme umeshakatika sijui mara ngapi tangu hapo, databesi inaamka yenyewe, na kipimo cha uchakavu bado kinasoma 99 kati ya 100, na 100 ndo mpya kabisa. Kama una video nyingi na watu wengi kwa pamoja diski za SATA kama hii zitakubana, nenda NVMe, aina yenye kasi zaidi, lakini kwa notsi na mitihani inatosha kabisa. Na ile moja ya nyumbani iliyopona nilimwekea mdogo wangu kwenye laptopu, betri ipo, inafanya kazi vizuri tu, ndo mahali pake.

Yule kijana wa field kashamaliza chuo, juzi kanipigia dada nanunua diski za ofisini kwetu, nikague kapasita kwanza eeh? Nikamwambia ndio, na lile duka usikanyage.