Fimbo ya kuzuia tela kuyumba: uzoefu wangu wa miezi minane Mwanza

Nilinunua kifaa hiki kwa hofu. Tulikuwa tumeshapita Magu kuelekea Lamadi, mimi na shemeji yangu, Hilux ikivuta tela la kambi ninalowakodishia wageni wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Basi likatupita mbio. Upepo wake ukalisukuma tela, na mkia ukaanza kwenda kushoto, kulia, kila mara kwa nguvu zaidi. Shemeji akapiga kelele, "Breki, shem! Breki!" Sikukanyaga. Niliachia mafuta, nikashika usukani bila kuupinda, tela likatulia tuliposhuka kama kilomita 50 kwa saa. Tela langu halina breki zake, na ningebana breki za gari lingenisukuma kwa nyuma na kunigeuza.

Muuzaji akaniambia fimbo hii itamaliza tatizo lote. Ni vyuma viwili, kimoja kinateleza ndani ya kingine, katikati kuna pedi kama za breki unazokaza kwa mkono wake. Upande mmoja unashika kwenye gari, mwingine kwenye shingo ya tela, kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari. Tela likitaka kucheza, msuguano unalizuia. Fundi wa kuchomelea alinifungia kwa saa mbili.

Ilisaidia, ila si kama nilivyoahidiwa. Kwenye Daraja la JPM, lile la kilomita 3 la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, upepo wa ziwa unakupiga ubavuni, na bado nilisikia mkia ukicheza nilipofika 80.

Ndipo nikaomba mizani kwa jirani yangu anayeuza mchele. Nikaweka gogo juu yake, nikashusha shingo ya tela hapo, mwili wa tela ukiwa sawa na ardhi. Kilo 40! Tela zima na mizigo lilikuwa kilo 900, na shingo inatakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani kuanzia kilo 90. Shingo ilikuwa nyepesi mno, ndiyo maana mkia ulicheza. Kisa chenyewe: jiko, mitungi miwili ya gesi na tangi la maji la lita 100 vyote viko nyuma ya ekseli. Maji hayo peke yake ni kilo 100, na aliyetengeneza tela aliona tu kwamba kupikia nyuma ni raha.

Nikahamishia mitungi na sanduku la spana mbele, nikamwaga maji. Mizani ikasoma 105. Safari iliyofuata ya Sengerema niliifanya bila fimbo kwa makusudi, na tela lilifuata kama mbuzi wa kamba.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa ajili ya mabasi na upepo wa daraja, lakini baada ya kupima shingo na kujaza tairi upepo. Pedi zisiguse grisi wala mafuta. Mvua ikinyesha na lami ikiteleza, legeza mkono wa fimbo. Fimbo inapiga kelele kwenye kona, zoea tu. Na kabla ya kurudi nyuma, shuka uifungue: yangu niliikunja getini kwangu Buswelu kwa uvivu wa dakika moja, na kuinyoosha kulinigharimu siku nzima gereji.

Wageni siku hizi nawakabidhi tela tangi likiwa tupu. Maji wanajaza Lamadi.