Bing ukiwa China: tathmini kwa wanaotoka Mbeya kufuata vipuri

Wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Tunduma wanaofika Guangzhou au Yiwu kufuata vipuri vya pawatila huunganisha simu na waifai ya hoteli, na Google haifunguki. Kampuni hiyo ilianzisha google.cn mwaka 2006 ikikubali kuchuja matokeo, ikaacha Machi 2010. Yahoo ilijiondoa Novemba 2021. Kati ya mitambo mikubwa ya kigeni ya kutafuta mtandaoni, umebaki Bing wa Microsoft.

Kwa vipuri, Bing inatosha kabisa. Andika bing.com, itakupeleka yenyewe cn.bing.com. Juu utaona vitufe viwili: 国内版 ni matokeo ya ndani ya China, 国际版 ni ya kimataifa. Hicho cha pili kinafaa kwa vitabu vya mwongozo vya Kiingereza. Ukitaka kiwanda kinachotengeneza, rudi cha kwanza, uandike modeli kama ilivyo kwenye kibati cha injini, mfano S195 au ZS1115, kisha jina la kipuri kwa Kichina. Ringi za pistoni ni 活塞环. Modeli peke yake huleta injini nzima, na fundi wa Mbarali aliyekutuma hahitaji injini nzima. Kwa hiyo piga picha kibati na uandikiwe majina ya Kichina kabla hujapanda ndege.

Bei ndiyo sehemu dhaifu. Usizitafute Bing, fungua programu yenyewe ya 1688 au Taobao, masoko ya mtandaoni ya China.

Habari pia usiitegemee. Bing hufuata sheria za China, kwa hiyo mambo ya siasa huchujwa, na utii huo haujaiepusha na misukosuko: Januari 2019 ilikatika kwa muda nchi nzima, na Desemba 2021 iliamriwa kusimamisha kwa siku 7 mapendekezo yanayojitokeza unapoandika.

Ukiwa lazima ufungue Google au Gmail, washa romingi ya laini ya Tanzania na uzime waifai. Data ya romingi kwa kawaida hupitia mtandao wa nyumbani, hivyo hufunguka, ila ni ghali. Nunua kifurushi mapema. Hata hapo, ramani ya Google usiifuate hadi mlangoni, kwa sababu China hutumia vipimo vyake vya ramani na alama inaweza kusogea mita mia kadhaa. Muuzaji akitaka kukutumia ankara, mwambie atumie WeChat, programu ya ujumbe ya China.