Neoral: siklosporini inayojichanganya na maji yenyewe

Dondosha Neoral ya maji kwenye glasi ya maji, koroga. Haiwi nyeupe kama maziwa. Hubaki karibu angavu, na ubuluu kwa mbali. Bei yake yote imo humo.

Siklosporini huzuia mwili usikatae figo au ini lililopandikizwa, lakini haiyeyuki kwenye maji. Sandimmune, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, iliichanganya na mafuta (ya zeituni, kwa ile ya maji) kisha ikaiachia nyongo kazi ya kuyavunja. Nyongo ikipungua, dawa ilipita tu na choo. Neoral ilifuata mwaka 1995 ikiwa na mafuta ya mahindi, propilini glikoli, alkoholi, na zao la mafuta ya mbarika linalofanya kazi kama sabuni. Ikigusa maji ya tumboni hujigawa kuwa matone yasiyofika nanomita 100.

Kwa waliopandikizwa figo, dawa inayoingia kwenye damu huzidi ile ya Sandimmune kwa asilimia 20 hadi 50. Kwa hiyo hazibadilishani miligramu kwa miligramu, hata mfamasia akikuambia "ni siklosporini ile ile". Ukihamia Neoral bila vipimo unaweza kuumiza figo. Ukirudi kwenye Sandimmune, mwili unaweza kuikataa figo.

Kapsuli (25 na 100 mg) ndizo bora kwa anayeweza kumeza. Usizipange kwenye kile kiboksi cha dawa za wiki: zibaki kwenye pakiti hadi saa ya kumeza, maana alkoholi hupaa. Harufu ukifungua ni ya kawaida.

Ya maji, 100 mg kwa mililita, ina masharti mengi. Izimue kwa juisi ya chungwa au tufaha isiyo ya baridi, kwenye glasi ya kioo, siyo plastiki, unywe papo hapo. Suuza glasi kwa juisi zaidi, unywe na hiyo. Chagua juisi moja, usiyumbe. Balungi ni marufuku, hupandisha dawa kwenye damu. Kwa maziwa ladha yake haivumiliki. Bomba la kupimia lipanguse nje kwa kitambaa kikavu, usilioshe: maji yakibaki ndani hubadili dozi.

Joto la Dar au Mombasa humsukuma mtu kuiweka kwenye friji. Kosa. Chini ya nyuzi 20 huganda kama jeli. Haijaharibika; irudishe taratibu hadi nyuzi 25, na chembechembe ndogo zikibaki hazina neno. Itunze kabatini penye ubaridi, mbali na jiko. Chupa ikishafunguliwa, miezi miwili tu.

Siku ya kupima damu ya kabla ya dozi, beba kapsuli za asubuhi mkononi. Ukizimeza nyumbani, maabara itasoma kiwango cha dawa kilichopanda baada ya kumeza na daktari anaweza kukupunguzia dozi uliyoihitaji.