Uanachama wa Kiwanda cha Bourbon: Kulipia Haki ya Kununua

Chama chetu cha waonjaji wa wiski hapa Kisumu kimemaliza mwaka mzima kikiwa na uanachama wa kulipia katika kiwanda kimoja cha Bourbon, yaani wiski ya Kimarekani inayotokana hasa na mahindi, huko Kentucky, Marekani, na kwa kuwa wenzetu wa Nakuru na Eldoret wamekuwa wakituuliza iwapo mpango huo una manufaa, nimeona heri niandike tathmini moja kamili badala ya kumjibu kila mtu kwa simu. Jina la kiwanda sitalitaja. Ninachokipima hapa ni mpango wenyewe, ambao mtu hulipa ada kubwa kila mwaka ili apewe nafasi ya kununua chupa zisizofika madukani.

Uanachama wetu umeandikwa kwa jina la ndugu wa mweka hazina, ambaye ni muuguzi jijini Louisville, kwa sababu kiwanda hakimsajili mtu asiye na anwani ya Marekani. Sisi tuliobaki tulichanga kwa M-Pesa kama tunavyochangia jambo lolote lingine. Ada ni dola 600 kwa mwaka, yaani takribani shilingi 77,000, na kwa ada hiyo mwanachama hupewa haki ya kununua hadi chupa mbili katika kila toleo maalumu, matoleo yakiwa matatu kwa mwaka, pamoja na glasi mbili zenye nembo, ziara ya maghala, na kiti kimoja katika siku ya kuchagua pipa. Chupa zenyewe hulipiwa kando. Tangazo la kiwanda halifichi jambo hilo, ila limeliweka chini kabisa, baada ya picha za mapipa na machweo, na ni rahisi msomaji kufika mwisho akiamini kwamba ada yake imeshanunua wiski. Haijanunua hata tone. Ukiigawa kwa chupa sita ambazo haki hiyo inaruhusu, kila chupa imekwisha kuongezewa dola 100 kabla bei yake haijatajwa, na hiyo ni kama mwanachama atazichukua zote sita.

Thamani ya haki hiyo inategemea kama chupa zenyewe ni adimu kwa kweli, na hapa inafaa kueleza kidogo jinsi kinywaji hiki kinavyotengenezwa. Sheria ya Marekani inataka Bourbon itengenezwe nchini humo kwa mchanganyiko wa nafaka ambao angalau asilimia 51 ni mahindi. Isitoke mtamboni ikiwa na alkoholi inayozidi asilimia 80. Isiingizwe pipani ikiwa imezidi asilimia 62.5, na chombo cha kuikomazia kiwe kipya, cha mbao za mwaloni, kilichochomwa kwa moto upande wa ndani. Mahindi si tatizo, na mtu yeyote aliyelelewa Trans Nzoia atakwambia hivyo. Gharama imo katika pipa na muda. Pipa la kawaida huchukua takribani lita 200, na kila mwaka sehemu ya wiski hupenya kwenye mbao na kupotea hewani, hasa katika majira ya joto ya Kentucky, hivi kwamba pipa lililokaa ghalani miaka 20 hutoa sehemu ndogo tu ya kilichotiwa ndani yake. Chupa ya umri huo ni adimu, na hakuna ujanja wa kibiashara unaohitajika kuifanya iwe hivyo.

Upo hata hivyo uhaba wa namna ya pili, ambao hupangwa ofisini. Kiwanda kikichagua pipa moja la miaka sita au saba, kikalitia kwenye chupa peke yake na kulibandikia lebo yenye namba, kimepata toleo la chupa zisizofika 200, hata kama pipa lililokuwa ubavuni mwake limechanganywa na mengine na kuuzwa kama wiski ya kila siku. Matoleo mawili kati ya matatu tuliyopewa yalikuwa ya namna hiyo. Toleo moja tu, la miaka 15, ndilo lililostahili kuitwa adimu, na sioni haki kwa kiwanda kuyatoza yote kwa kipimo kimoja cha sifa.

Watu hukubali kutozwa hivyo kwa sababu ya yale yaliyotokea kwa chupa chache mashuhuri. Pappy Van Winkle, inayotoka kiwanda cha Buffalo Trace mjini Frankfort, imetafutwa kwa kiasi kwamba mwaka 2013 iliripotiwa kuibwa kiwandani humo kwa makasha, na mwaka 2023 maafisa wa serikali ya jimbo la Oregon, jimbo ambalo pombe kali huuzwa chini ya usimamizi wa serikali, walibainika kujiwekea kando chupa za namna hiyo kabla hazijafika kwa wananchi. Mkurugenzi wao alijiuzulu. Isitoshe, tangu marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani mwaka 1933, majimbo mengi yamemlazimu mtengenezaji kumuuzia msambazaji, na msambazaji kumuuzia mwenye duka, kwa hiyo faida nono ya chupa inayogombaniwa huishia kwa walanguzi walio mwisho wa mnyororo. Kwa maoni yangu, ada ya uanachama ni njia ya kiwanda kujirudishia sehemu ya faida hiyo. Silaumu. Ila mlipaji anapaswa kuelewa kwamba pesa zake zinaziba pengo la mtu mwingine.

Sasa nije kwenye suala ambalo kwa msomaji wa Kisumu ndilo zito kuliko yote, nalo ni jinsi chupa inavyotoka huko hadi hapa. Masharti ya kiwanda chetu yanataka mwanachama aende mwenyewe dukani mwao akiwa na kitambulisho ndani ya siku 60, la sivyo chupa inarudi kwa wengine. Ndugu yetu hufanya kazi kwa zamu za usiku, na toleo moja lilimpita hivyo hivyo bila fidia wala kupewa nafasi mbadala. Alipoandika kuomba aongezewe muda, alijibiwa kwa adabu kwamba masharti ni masharti. Kentucky ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuruhusu viwanda vimtumie mteja pombe moja kwa moja, lakini sheria hiyo haina nguvu pale ambapo jimbo la mpokeaji halikubali, na posta ya taifa la Marekani haibebi pombe kabisa. Kutuma Kenya hakumo katika mpango.

Inabaki mizigo ya wasafiri. Kanuni za ndege zinazotoka Marekani zinamruhusu abiria kuweka kwenye mzigo wa chini hadi lita tano za pombe yenye alkoholi kati ya asilimia 24 na 70, ikiwa bado imefungwa kama ilivyotoka dukani. Iliyozidi asilimia 70 haipandi ndege hata kidogo, na si jambo la kinadharia, kwa kuwa baadhi ya matoleo ya Bourbon iitwayo George T. Stagg, ambayo hutolewa bila kupunguzwa kwa maji, yamewahi kuvuka kiwango hicho. Abiria akishuka Nairobi, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamsamehe ushuru wa lita moja ya pombe kali. Mzinga mmoja wa mililita 750 unapita; wa pili unalipiwa, na ni vyema kuutangaza mwenyewe kabla hujaulizwa. Kwa hiyo hata kama chama kina jamaa wanaokuja likizo Desemba, kila jamaa ni chupa moja isiyo na maswali, na jamaa huyo tayari amebebeshwa viatu na simu za ukoo mzima.

Kuna rafiki aliyetushauri tuuze chupa moja kwenye baa fulani ya Milimani ili turudishe ada. Tulikataa, na ninasisitiza tena hapa kwa faida ya vyama vingine: pombe iliyoingizwa kama zawadi ya msafiri haina stempu ya ushuru ya KRA, na kuiuza ni kosa la jinai, bila kujali kwamba ni halisi na kwamba mnunuzi anajua ilikotoka.

Kuhusu kilichomo ndani ya chupa, tulionja kwa njia ya haki kadiri tulivyoweza. Glasi ziliandikwa namba, mtu asiyekunywa akamimina, na kando ya chupa zetu za uanachama tukaweka Maker's Mark na Woodford Reserve, ambazo hupatikana katika maduka ya pombe kali mjini mwetu. Ile ya pipa moja ilikuwa nzuri, yenye utamu wa sukari nguru na harufu ya karanga zilizokaangwa, ikiwa na alkoholi ya asilimia 57 iliyohitaji maji kidogo ili ilegee. Lakini kura zilipohesabiwa, haikuipita Woodford Reserve kwa tofauti ya maana, na wawili kati ya wale waliotetea mpango huu kwa sauti kubwa zaidi ndio walioipa alama za chini. Ile ya miaka 15 ilizua mjadala mrefu. Mwanzo wake ni wa heshima: tumbaku, ngozi, tunda lililokaushwa, na ulaini ambao sijaukuta katika Bourbon changa. Kisha mbao zinashika usukani na kuukausha mdomo. Mzee wetu mmoja aliiweka glasi mezani taratibu akaniambia, “Omera, hapa nimekunywa mlango.” Mimi niliipenda zaidi yake, ingawa nakubali kwamba pipa jipya lililochomwa halimsamehi mtu anayelisahau ghalani, na kwamba umri mkubwa, ambao ndio unaopandisha bei, si lazima uboreshe ladha. Bei yake kiwandani ilikuwa dola 200. Ukiongeza mgao wa ada, ni 300, na kwa kiasi hicho nisingeinunua mara ya pili.

Sehemu ya mpango iliyonishangaza kwa uzuri ni ile ambayo tangazo liliitaja kwa mstari mmoja, yaani siku ya kuchagua pipa. Ndugu yetu aliruhusiwa kutupigia kwa video akiwa ghalani, na kwa zaidi ya saa nzima mtaalamu wa kiwanda alituonyesha jinsi mapipa ya ghorofa za juu, palipo na joto zaidi, yanavyokomaa kwa kasi na ukali tofauti na ya chini, akachota sampuli kutoka mapipa matatu ya nafaka ile ile na umri ule ule, na kutusomea tofauti zake. Mwenzetu aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha spiriti ya molasi huko Muhoroni alimbana kwa maswali juu ya mnara wa mtambo, halijoto na jinsi ya kutenga kichwa na mkia wa spiriti, yaani sehemu ya kwanza na ya mwisho ya kinachotoka mtamboni, na alijibiwa bila kubabaishwa. Wengi wetu tulijifunza zaidi katika mazungumzo hayo kuliko katika chupa. Kama kiwanda kingeuza darasa hilo peke yake kwa dola 50, ningelipendekeza kwa moyo mweupe.

Lipo pia suala la wakati. Mwanzoni mwa mwaka 2024, Kentucky ilikuwa na zaidi ya mapipa milioni 14 ya Bourbon yakikomaa katika maghala yake, ilhali wakazi wa jimbo hilo ni kama milioni nne na nusu. Hayo ni mapipa matatu kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Jim Beam, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, ilitangaza kwamba itasimamisha uzalishaji katika kiwanda chake kikuu cha Clermont kwa mwaka wote wa 2026. Mapipa hayo yote yatatakiwa kuuzwa siku moja. Kumlipa mtu dola 600 ili akuhifadhie nafasi kwenye foleni, wakati mwenye duka ndiye anayeanza kuwatafuta wateja, ni uamuzi unaohitaji sababu nzito.

Wapo pia wanaotoa uanachama bila malipo. Maker's Mark wana mpango wao wa mabalozi ambao kujiunga hakugharimu kitu, na jina la balozi huandikwa kwenye pipa kule Loretto. Na anayetafuta uhakika wa ubora kuliko upekee wa lebo, sheria ya Marekani ya mwaka 1897 ilimwekea daraja la wiski iliyofungwa chini ya usimamizi wa serikali: itoke kiwanda kimoja, msimu mmoja, ikae ghalani si chini ya miaka minne, na itiwe chupani ikiwa na alkoholi ya asilimia 50 kamili. Zipo Bourbon za daraja hilo za bei ya kawaida kabisa huko Marekani, na jamaa anayekuja likizo anaweza kuichukua moja katika duka lolote la Louisville bila kadi, bila miadi na bila siku 60.

Mtu anayeishi Louisville au Lexington, mwenye gari, mwenye Jumamosi zake, na anayefurahia kukutana na wapenzi wenzake wa wiski kiwandani, anaweza kupata faida ya pesa zake, hasa akihudhuria kila kitu. Kwa chama cha Kisumu, Kakamega au Nakuru, mpango huu siupendekezi. Ada ile ile peke yake ingetununulia hapa hapa zaidi ya dazeni moja ya Maker's Mark, ikiwa imelipiwa ushuru wote na kubandikwa stempu. Anayetaka kujaribu hata hivyo asome kipengele cha kuhuisha uanachama kabla ya kutoa namba ya kadi, kwa kuwa kiwanda chetu hukata ada ya mwaka unaofuata chenyewe iwapo mwanachama hajaandika barua pepe ya kujitoa siku 30 kabla. Yetu imeshatumwa, na jibu la kukubali kujitoa tumelihifadhi kwenye kumbukumbu za chama.