Kuangalia watoto: filamu fupi The Sitter ilivyopokewa sebuleni Shangani

The Sitter ni filamu fupi ya kutisha iliyoongozwa na Mmarekani Fred Walton mwaka 1977. Ina urefu wa dakika 20 na ushei, na kisa chake hakina mikunjo mingi: binti wa shule analipwa kukaa na watoto wa watu usiku mmoja, wazazi wanatoka, watoto wamelala ghorofani, kisha simu inaanza kulia na sauti ya mwanamume inamuuliza kama amekwenda kuwaangalia watoto. Niliitazama Jumamosi usiku nyumbani kwangu Shangani, Mtwara, pamoja na mke wangu, jirani yetu ambaye ni mstaafu wa bandari, mpwa wangu aliyetuletea filamu yenyewe kwenye flashi, na binti kutoka Newala anayetusaidia kulea wanetu wawili. Anayetaka kuitazama bila kujua inavyoishia asiendelee kusoma.

Nakala tuliyoipata ni ya Kiingereza, haina maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo mpwa wangu ndiye aliyekuwa akitufasiria kwa sauti ya chini, na hapo ndipo filamu ilipopata nguvu ambayo sidhani kama mwongozaji aliikusudia. Kwa Kiingereza, swali la yule mwanamume linahusu kupanda ngazi na kuchungulia chumbani tu. Kwa Kiswahili, kuangalia watoto ndiyo kazi yenyewe. Mtu akikuuliza kama umewaangalia watoto, anaweza kuwa anauliza kama umewatazama, na anaweza pia kuwa anauliza kama umetimiza wajibu uliopewa. Binti wetu alilisikia katika maana hii ya pili. Simu ilipolia mara ya pili aliinuka bila kuaga, akaenda chumba cha watoto, akachomeka upya upindo wa chandarua uliokuwa umechomoka chini ya godoro, akarudi kuketi. Alipoulizwa maoni yake mwishoni alisema maneno machache: "Baba, yule hajawahi kulea. Mtoto akinyamaza sana ndipo unapomfuata."

Sijasikia hoja ya kumshinda. Tukiichukua filamu kwa kipimo cha kazi inayoisimulia, mlezi huyu anashughulika na simu, mapazia na milango, lakini ngazi hazipandi, na sisi watazamaji tunasahaulishwa kwa makusudi kwamba juu kuna watoto. Mpwa wangu anaona kwamba huo ndio ufundi wenyewe, kwa kuwa hofu inazaliwa na kile kisichoonyeshwa, na kwamba mlezi angepanda ngazi dakika ya tano filamu ingekwisha. Nakubaliana naye kuhusu ufundi, ila namuunga mkono binti kuhusu mlezi.

Kuna jambo moja ambalo kijana aliyezaliwa na simu ya kiganjani hawezi kulishika bila kuelezwa. Polisi wanamwambia mlezi ajitahidi kumshikilia mpigaji kwenye mazungumzo, kwa sababu enzi za simu za mezani kufuatilia chanzo cha simu kulikuwa kazi ya mitambo iliyohitaji muda, na laini ikikatwa mapema kazi yote inapotea. Jibu linaporudi, kwamba simu inapigwa kutoka ndani ya nyumba ileile, mpwa wangu hakushtuka hata kidogo. Aliuliza tu kwa nini namba haikuonekana kwenye kioo. Mstaafu wetu, ambaye ofisini kwake aliishi na simu za mezani miaka mingi, ndiye aliyeshika kichwa, kisha baada ya muda akaleta hoja yake: huwezi kujipigia kwa laini yako mwenyewe, utasikia mlio wa kutumika, hivyo nyumba ile lazima ilikuwa na laini mbili. Nyumba ya namna hiyo, alisema, ni ya tajiri, na nyumba ya tajiri haina jirani. Hilo la jirani lilimkera kuliko muuaji. "Mwalimu, hapa angepiga yowe moja tu, watu wangejaa uani kabla polisi hawajapata funguo za gari."

Kisa chenyewe hakikuanzia kwa Walton. Ni hadithi ambayo vijana wa Marekani walikuwa wakitishiana nayo kwa miaka mingi kabla yake, na mara nyingi huhusishwa na mauaji ya msichana wa miaka 13 yaliyotokea mwaka 1950 mjini Columbia, jimbo la Missouri, alipokuwa akimlinda mtoto wa watu. Mtoto yule alikutwa salama. Mke wangu alipolisikia hilo alisema basi filamu ingefuata ukweli huo na kuwaacha watoto hai. Ombi lake lilikwisha kujibiwa kwa namna fulani. Mwaka 1979 Walton aliigeuza filamu yake fupi kuwa mwanzo wa filamu ndefu, When a Stranger Calls, ambamo watoto wanauawa. Mwaka 2006 Simon West akazivuta zile dakika 20 zikawa filamu nzima, na humo watoto wananusurika.

Kwa maoni yangu hiyo ya mwaka 2006 imenyooshwa kupita kiasi, na ile ya 1979 inalegea mara tu inapotoka kwenye nyumba ya mwanzo na kumfuata mpelelezi. Ile fupi ndiyo inayostahili usiku wako, mradi uizime feni, maana sauti ya feni inafunika ukimya kati ya simu moja na nyingine, na ukimya huo ndio nusu ya filamu. Sisi tulilazimika kufungua madirisha ya upande wa bahari ili tuvumilie joto. Watoto wadogo wasiwepo. Na kama nyumbani kwako yupo dada anayelea, mkaribishe akae kwenye kiti kama wengine, si mlangoni akiwa na beseni mkononi. Wa kwetu amekwisha kuniomba hiyo ambayo watoto wananusurika, na mpwa wangu ameahidi kuileta Jumamosi ijayo.