Chumvi ya Dandi, baiskeli za Dien Bien Phu
India Waingereza waliitoza chumvi kodi. Vietnam Wafaransa waliihodhi. Dhuluma moja, njia mbili. Mwaka 1930 Gandhi, mzee wa miaka 60, alitembea kutoka Sabarmati hadi Dandi, kama kilomita 385, akainama ufukweni akaokota tope lenye chumvi, kinyume cha sheria ya Waingereza. Basi, kosa ni hilo tu! Maelfu wakamfuata, jela zikafurika. Ho Chi Minh, kiongozi wa wapigania uhuru wa Vietnam, naye alitangaza uhuru Hanoi tarehe 2 Septemba 1945, lakini Wafaransa wakarudi na mizinga. Wapagazi wa Ho wakasukuma baiskeli zilizosheheni mchele, mlima hadi mlima, mpaka Dien Bien Phu, ngome ya Wafaransa, ilipoanguka Mei 1954. Wengi husema India ilipita njia ya amani. Mimi nasita: mgawanyo wa 1947, India na Pakistan zilipotengana, ulimwaga damu nyingi mno.